Taka Huanza Kabla ya Safari

SOMO LA TISA

1. Barua kutoka shuleni

Ndugu msomaji, tuseme leo jioni mwanao amerudi kutoka shuleni. Mkononi ana barua. Zamani ungemwita jirani akusomee. Leo huna haja ya kumsumbua jirani. Sogea karibu na taa, uisome mwenyewe.

Barua inasema hivi:

Kwa mzazi,

YAH: SAFARI YA MAFUNZO

Jumamosi ijayo wanafunzi wa darasa la tano watakwenda kwenye kituo cha elimu ya mazingira. Wataondoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Kila mwanafunzi aje na chakula cha mchana na maji ya kunywa.

Ahsante kwa ushirikiano wako.

Mwalimu Mkuu

Isome tena polepole. Barua ni fupi, lakini ndani yake kuna sentensi moja inayokuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Ni ile isemayo kila mwanafunzi aje na chakula na maji. Nani atakifunga chakula hicho? Ni wewe. Utakifunga katika kitu gani? Hilo ndilo somo letu la leo.

2. Kituo hiki ni cha kazi gani?

Kituo cha elimu ya mazingira ni mahali ambapo watoto hujifunza juu ya miti, maji, udongo, wanyama na bahari kwa kuviona kwa macho yao. Darasani mwalimu huchora mti ubaoni. Kituoni mtoto huushika mti wenyewe, akanusa majani yake, akaona ndege waliojenga juu yake. Vituo vya namna hii huwa msituni, ufukoni mwa bahari, au karibu na mbuga za wanyama.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Nchini Kenya, vyama vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyama vilianza mwaka 1968. Nchini Tanzania, klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Viongozi walitaka watoto wajue mali ya nchi yao na waitunze.

Lakini mara nyingi hutokea jambo la kusikitisha. Asubuhi watoto hufundishwa kuutunza msitu. Saa 7 mchana hukaa chini ya mti, wakala. Saa 8 huondoka. Nyuma yao hubaki chupa tupu, karatasi za pipi na pakiti za biskuti. Walilofundishwa asubuhi wamelivunja mchana. Na mtoto hujifunza zaidi kwa lile analolitenda kuliko lile analoambiwa.

3. Tupige hesabu

Chukua penseli na daftari lako. Tuseme gari limebeba watoto 40. Kila mtoto ana vitu hivi kutoka dukani:

chupa ya maji 1
juisi ya pakiti 1
pakiti ya biskuti 1
pipi 1

Jumla kwa mtoto mmoja ni vitu 4.
Kwa watoto 40 ni 4 × 40 = 160.

Kwa hiyo katika siku moja kituo kimebaki na takataka 160. Ikiwa kituo hupokea shule 2 kila wiki, ni 160 × 2 = 320. Kwa wiki 10 ni 320 × 10 = 3,200.

Angalia vizuri hesabu hii. Hakuna mtoto aliyekuwa mtundu. Hakuna aliyekusudia kuchafua. Kila mmoja alileta vitu vinne tu, lakini vinne vimekuwa elfu tatu na mia mbili.

Sasa tufanye hesabu ya pili. Tuseme kila mtoto amekuja na maji katika kidumu kidogo cha nyumbani. Chakula chake kimo katika bakuli lenye mfuniko. Ndani mna viazi vitamu, yai la kuchemsha na ndizi. Kidumu kitarudi nyumbani. Bakuli litarudi nyumbani. Takataka za dukani ni 0 × 40 = 0. Yatabaki maganda tu, na maganda yana njia yake. Tutaiona mbele.

4. Taka zikishafika, huenda wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikitupwa ndani ya pipa kimekwisha. Hakijaisha. Pipa ni kituo cha njiani tu. Kwa taka zisizooza kama plastiki, zipo njia tatu, na kila njia ina ubaya wake.

Njia ya kwanza ni kuchoma. Plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Moshi huo huvutwa na mpishi, mlinzi, na watoto wa kundi litakalokuja kesho.

Njia ya pili ni kuzika. Ganda la ndizi likizikwa huoza, likawa udongo. Plastiki haifanyi hivyo. Hukaa ardhini miaka mingi sana, ikikatikakatika vipande vidogo. Mvua kubwa huvifukua, na maji huvipeleka mtoni na baharini.

Wewe mfugaji unajua madhara yake. Ng'ombe au mbuzi akimeza mfuko wa plastiki, hauyeyuki tumboni. Mifuko ikizidi, mnyama hukonda na huweza kufa. Baharini nako ni hivyo hivyo. Kasa hula yavuyavu, yule mnyama mlaini anayeelea majini. Mfuko wa plastiki ukielea, kasa hudhani ni yavuyavu, akaumeza.

Njia ya tatu ni kuzisafirisha taka hadi mjini. Njia hii ni bora kuliko mbili za kwanza, lakini ni ya gharama. Inataka gari au boti, mafuta na wafanyakazi. Fedha zinazotumika kubeba chupa tupu zingeweza kusaidia kuwaleta watoto wa shule nyingine.

Tena kuna hasara nyingine. Mabaki ya chakula yakitupwa ovyo huwaita nyani. Nyani akizoea kula mabaki ya watu, huacha kuogopa watu. Mwisho huwanyang'anya watoto chakula, na huweza kuwauma. Watu husema nyani huyo ni mkorofi. Lakini nani aliyemfundisha?

Kwa sababu hizo zote, shika neno hili: taka iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ambayo haikuletwa.

5. Sheria imefika wapi?

Serikali zetu zimechukua hatua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imekataza pia plastiki za kutumia mara moja na kutupa, kama vile chupa za maji, katika mbuga za hifadhi, misitu ya hifadhi na fukwe zilizohifadhiwa.

Lakini sheria haiingii jikoni mwako kukufungia chakula cha mtoto. Mfuko wa plastiki wa kubebea umekatazwa, lakini chupa na pakiti bado zimo dukani. Hapo ndipo pana kazi ya mzazi.

6. Mfano wa kisiwa cha Chumbe

Sasa tutazame mahali ambapo jambo hili linatendeka kweli. Kusini ya Mji wa Zanzibar kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Kando yake kuna matumbawe mazuri sana, na juu yake kuna msitu. Pana pia mnara wa taa za meli uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyafanya matumbawe hayo kuwa hifadhi. Wavuvi wa zamani walifundishwa kazi ya kuyalinda. Watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa huko kujifunza, na fedha zinazotokana na watalii husaidia kazi hiyo.

Kisiwa hiki hakina kisima wala mto. Hakina mahali pa kumwaga taka. Takataka ikiachwa ufukoni, maji yakijaa itaingia moja kwa moja kwenye matumbawe. Je, watu wa Chumbe wanafanyaje?

Maji ya mvua hukingwa kutoka mapaani na kuwekwa katika matangi yaliyo chini ya nyumba.

Vyoo havitumii maji. Kinyesi huchanganywa na vitu vikavu kama majani, kikageuka polepole kuwa mboji. Hakuna maji machafu ya chooni yanayoteremka baharini.

Maji yaliyotumika kuogea na kunawa hupitishwa katika vitalu vya mimea. Mimea hunywa maji hayo na uchafu wake.

Umeme hutoka kwenye jua.

Taka zisizooza hurudishwa Unguja kwa boti.

Angalia somo lililomo hapa. Mtoto akifika Chumbe hujifunza kwa matumbawe, na hujifunza pia kwa choo, kwa paa na kwa pipa. Kituo kizima ni mwalimu. Kama kituo kingefundisha usafi huku nyuma ya jiko kuna lundo la chupa, watoto wangelikumbuka lundo na kuyasahau mafundisho.

Labda utasema, "Kisiwa ni kisiwa. Sisi tuko bara, nafasi tunayo." Ni kweli, nafasi tunayo. Lakini kijiji nacho kina mwisho. Ukitupa nyuma ya nyumba yako, umetupa mbele ya nyumba ya jirani.

7. Jiko la kituo

Vipo vituo ambavyo watoto hulala siku mbili au tatu na kupikiwa. Huko taka kubwa ni chakula chenyewe. Kumwaga ugali ni kumwaga jasho la mkulima, maji, kuni na nguvu za mpishi. Yako mambo manne yanayosaidia.

Kwanza, mpishi ahesabu watoto kabla ya kupima unga, asikisie.

Pili, apakue kidogo. Anayetaka aongezewe. Tumbo la mtoto wa miaka 8 si sawa na la mtoto wa miaka 14.

Tatu, mabaki yapimwe. Katika vituo vingi vya watoto nchini Marekani iko desturi hii: baada ya kila mlo, mabaki yote ya sahani hutiwa katika ndoo moja na kupimwa mbele ya watoto. Uzito huandikwa ubaoni. Mlo unaofuata, watoto hujitahidi kupunguza tarakimu ile. Hapa mtoto asichapwe wala kulazimishwa kumaliza. Labda anaumwa. Kusudi ni kujifunza kuchukua kiasi kinachotosha. Mizani ya kijijini inaweza kufanya kazi hiyo.

Nne, kituo kinunue vitu kwa wingi. Gunia moja la sukari huacha gunia moja, na gunia hutumika tena. Sukari hiyo hiyo ikinunuliwa katika vipakiti vidogo huacha mamia ya vipakiti.

Vitu vilivyokwisha kuingia navyo vitumike tena. Karatasi iandikwe pande zote mbili. Pakiti tupu za maziwa zitobolewe chini na kupandwa miche mahali pa viriba.

8. Shimo la mboji

Tulisema maganda yana njia yake. Njia hiyo ni mboji. Kituo kinaweza kuwa nayo, shule inaweza, na wewe unaweza. Fuata hatua hizi:

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima.

2. Chimba shimo la kina cha magoti, au jenga lundo juu ya ardhi mahali penye mvua nyingi.

3. Tandaza vijiti au mabua chini ili hewa ipite.

4. Weka taka mbichi: maganda, majani mabichi, mabaki ya mboga. Juu yake weka vitu vikavu: majani makavu au nyasi. Kisha weka udongo kidogo au samadi. Rudia tena mpaka lijae.

5. Nyunyiza maji. Mboji iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Isielee maji.

6. Funika kwa majani ya mgomba au nyasi.

7. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi na yenye harufu ya udongo wa msituni. Sasa ipeleke kwenye bustani.

Usitie nyama, samaki wala mifupa, kwa kuwa huita panya, mbwa na fisi. Usitie plastiki, chupa wala betri za tochi.

Mtoto anayeona ganda lake la ndizi likiwa udongo, na udongo ukiotesha mchicha, hahitaji kuambiwa mara mbili.

9. Mtoto wangu atachekwa

Sasa turudi kwenye barua ya Mwalimu Mkuu. Umeamua mwanao abebe viazi vitamu na kidumu cha maji. Lakini usiku moyo unakusumbua. Unajiuliza, "Wenzake watakuwa na biskuti na juisi. Si watamcheka?"

Wasiwasi huo si mdogo. Wazazi wengi hukopa dukani siku ya safari ili mtoto asionekane maskini. Fedha za chumvi na sabuni huishia kwenye juisi ya pakiti. Kwa hiyo usilibebe jambo hili peke yako. Lipelekeni katika mkutano wa wazazi, au katika darasa lenu la kisomo. Huenda mtasikia mazungumzo kama haya:

"Mimi siwezi kumpa mwanangu viazi," anasema mama mmoja. "Mama Rehema huwa anampa mwanawe biskuti."

Mama Rehema anashangaa. "Mimi mwenzangu nilinunua biskuti kwa sababu nilijua wewe utanunua. Nilikopa."

"Kumbe tulikuwa tunaogopana!" anasema mzee mmoja, na watu wote wanacheka.

Basi dawa ya aibu ni kukubaliana. Watoto wote 40 wakibeba chakula cha nyumbani, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwenye nacho na asiye nacho wote watakula viazi, mihogo, maandazi, mayai, karanga na ndizi. Chakula hicho kinashibisha kuliko biskuti, na fedha zimebaki nyumbani.

Kama mtoto hana bakuli lenye mfuniko, mfungie chakula katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha katika kitambaa safi. Maji yachemshwe jana yake na yapoe. Kidumu kisiwe kilichowahi kutiwa dawa ya shamba au mafuta ya taa, hata kikioshwa namna gani.

Mkishakubaliana, andikeni barua. Ninyi mnajua kuandika sasa. Barua yenu inaweza kuwa hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: SAFARI YA MAFUNZO

Tumepokea barua yako, tunashukuru. Sisi wazazi wa darasa la tano tumekubaliana kwamba watoto wote watabeba chakula cha nyumbani na maji katika vidumu. Hakuna atakayebeba chupa wala pakiti za dukani. Tunaomba utuulizie kituoni mambo mawili. Je, yapo maji salama ya kujaza vidumu? Je, lipo shimo la mboji kwa ajili ya maganda? Kama halipo, watoto watarudi na maganda yao.

Ni sisi wazazi.

Barua hii ina maana kubwa. Mwalimu akiipata ataipeleka kituoni. Kituo kikiona shule moja imeuliza, kitajiandaa. Shule ya pili nayo ikiuliza, kituo kitaweka utaratibu. Ndivyo wazazi wa kijijini wanavyoweza kufundisha hata wale wanaowafundisha watoto wao.

10. Jumamosi jioni

Saa 11 gari linarudi. Mwanao anashuka na vumbi miguuni. Fungua mfuko wake. Mna bakuli tupu, kidumu kitupu na kitambaa cha kufua. Hakuna kilichobaki kule msituni isipokuwa nyayo zake. Sasa mkalishe, umsikilize. Ana mengi ya kukusimulia.

MASWALI

1. Barua ya Mwalimu Mkuu iliwataka watoto waje na nini?

2. Taja njia tatu za kuondoa taka zisizooza. Kila njia ina ubaya gani?

3. Kwa nini kisiwa cha Chumbe hakiwezi kukaa na taka?

4. Kwa nini wazazi wale walikuwa wakinunua biskuti?

5. Kwa nini nyama na samaki havitiwi katika mboji?

HESABU

Watoto 35 wanakwenda safari. Kila mmoja ana chupa 1 na pakiti 2. Je, wataacha takataka ngapi? Uliza bei ya vitu hivyo katika duka la kijijini kwenu. Je, wazazi wote kwa pamoja watatumia shilingi ngapi?

KAZI YA KUFANYA

Kwa siku saba, weka taka za nyumbani kwako katika mafungu mawili: zinazooza na zisizooza. Kila jioni andika katika daftari umepata ngapi zisizooza. Mwisho wa wiki zitazame moja moja, ukajiulize: hii ingeweza kukosa kuingia nyumbani kwangu? Leta daftari darasani, mlinganishe na wenzako.